Salio

Kifungu cha kumi na saba, ukurasa wa tisa:
Mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi.
Mwaka juzi niliandika laki tatu.
Mwaka jana, laki na nusu.
Mwaka huu nimeambiwa niweke kistari,
kistari kifupi, kama mdomo uliofumbwa.

Mimi ni karani. Sikati; nachora palipokatwa.
Ofisi yangu iko chini kabisa, tawi la Malindi,
dirisha linatazama jenereta na ukuta wa jirani
ambapo mtu kaandika kwa makaa: mwenye adabu hakojoi hapa.
Juu ya kabati, aliyenitangulia alibandika
mali bila daftari hupotea bila habari,
na gundi imeanza kuachia penye "habari".

Ya laki tatu nayakumbuka.
Mahema mawili, viti mia, fulana za njano
zenye jina la mfadhili kifuani na la chuo mgongoni;
mgeni rasmi wa saa tatu aliyefika saa sita,
akawaambia ninyi ni viongozi wa kesho,
akala, akafungiwa na cha kwenda nacho.
Posho yake niliilipa mimi. Stakabadhi sijaiona.
Kesho yake fulana zilikuwa zinapangusa vioo vya tuktuk.

Ya laki na nusu hayakuwa na hema.
Walikwenda ishirini na wawili
kwenye darasa la shule ya msingi, Muyeye,
madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu.
Nyevu Thoya, mwaka wa pili, ualimu wa hisabati,
ndiye aliyekuja kuzitilia saini fedha.
Alizihesabu mbele yangu, mara mbili.
"Usinione mjuvi," akaniambia,
"ila zikipungua nikishatoka hapa, nitakushuku,
na sitaki kukushuku."

Siku tatu walifundishwa nini? Sijui.
Nimesoma stakabadhi tu, lugha niijuayo:
mahamri na mbaazi, kwa Mama Shebwana, mara tatu;
chaki;
maji ya mkokoteni, madumu kumi na manne;
nauli ya mwalimu mstaafu, Mambrui, kuja na kurudi;
kitambaa cheupe mita mbili, "pazia la kupigia kura".
Na moja kwenye karatasi ya daftari,
mwandiko wa mkono usiozoea kalamu:
Nimepokea mia nne kwa kuchelewa kufunga geti. Tsuma, bawabu.

Bawabu!
Miaka kumi na moja nazijumlisha hesabu za nyumba hii,
na mtu anayefunga geti sijawahi kukutana naye kwenye safu yoyote.

Jumatatu, saa mbili na robo, Nyevu akarudi,
akaweka mezani bahasha ya kaki.
"Salio."
Elfu moja mia tatu na hamsini,
sarafu zimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti.
Nikaduwaa. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule,
kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.
Chuo kina njia sabini za kutoa fedha,
ya kuzirudisha hakuna aliyewahi kuichonga.
Mkubwa wangu akacheka: "Waambie wanywe soda."
Nyevu hakucheka. Akavuta kiti, akangoja.
Akangoja hadi adhana ya adhuhuri,
hadi mkubwa mwenyewe akainama chini ya kabati,
akatoa kitabu cha stakabadhi cha enzi za mkono,
akakipuliza vumbi, akapiga chafya, akaandika:
Imepokelewa. Namba moja.

Sasa naambiwa mafunzo yale
hayana matokeo yanayopimika.
Nami kupima ndiyo kazi niliyosomea.

Kikao cha bajeti ni kesho, chumba chenye kiyoyozi.
Mimi huitwa kubeba mafaili, nikishayaweka natoka.
Kile kitabu nimekipanga juu kabisa ya mengine,
nimekikunja uti wa mgongo
kisikubali kufunguka ila penye namba moja.

Na kistari nimekichora, kama nilivyoagizwa.
Nimekichora kwa penseli.